Mtoto Aliyelala Chini: Birgitta wa Sweden na Fumbo la Umwilisho

Picha ya kuzaliwa kwa Yesu inafahamika hata kwa mtu asiyewahi kuingia kanisani. Mtoto mchanga amelala, nuru inamtoka mwilini, mama yake amepiga magoti mbele yake huku ameunganisha viganja, na Yusufu yuko kando na mshumaa wake. Huonekana kwenye kadi za Krismasi, kwenye kalenda za ukutani na juu ya altare. Wengi hudhani imetolewa moja kwa moja katika Injili. Lakini Mwinjili Luka anataja hori, nguo alizovikwa mtoto, na wachungaji waliofika usiku. Juu ya kupiga magoti na mshumaa hasemi neno. Mambo hayo yalienea kwa sehemu kubwa kutokana na mwanamke mmoja wa Sweden.

Birgitta alizaliwa mwaka 1303 huko Finsta, kaskazini ya Stockholm, katika familia ya watu wakubwa. Aliolewa akiwa na umri wa miaka 13 hivi, na katika miaka ya 1330 alitumikia katika nyumba ya mfalme Magnus Eriksson, akiwa karibu na malkia Blanka. Alizaa watoto wanane. Wasifu ulioandikwa na mapadre wake waungamishi, muda mfupi baada ya kifo chake, unasimulia kwamba katika uzazi mmojawapo alikaribia kufa, na kwamba aliokolewa kwa msaada wa Bikira Maria. Mumewe, Ulf, alifariki mwaka 1344. Miaka mitano baadaye Birgitta aliondoka kwenda Roma, na hakurudi tena nchini kwake akiwa hai. Katika Maktaba ya Kifalme mjini Stockholm zimehifadhiwa karatasi chache alizoandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiswidi cha kale. Ni hazina adimu, ingawa hazihusu habari ya Bethlehemu.

Safari ya Bethlehemu aliifanya mwaka 1372, akiwa bibi wa miaka 69. Humo pangoni, kama alivyosimulia, alimwona Maria amevaa nguo nyeupe, nywele zake za rangi ya dhahabu zimeachiwa mabegani. Yusufu alileta mshumaa unaowaka, akaubandika ukutani, kisha akatoka nje. Maria akapiga magoti kuelekea mashariki, akaomba, na kufumba na kufumbua mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa. Nuru iliyomtoka mtoto ilikuwa kubwa hata mshumaa wa Yusufu ukaonekana si kitu. Hata hivyo mtoto huyo mwenye nuru kuliko jua alikuwa uchi juu ya ardhi, akilia na kutetemeka kwa baridi, mpaka mama yake alipomwinua na kumpasha joto kifuani.

Hapa ndipo penye uzito wa habari yenyewe. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ulikuwa umetangaza kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba. Ule wa Kalsedonia, mwaka 451, ukaongeza kwamba yeye huyo mmoja ana asili mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu, zisizochanganyika wala kutengana. Maneno hayo yaliwagawa Wakristo wa Mashariki, na mgawanyiko huo upo hata leo. Wachoraji nao walilazimika kuyafanya yaonekane kwa macho. Wale wa Bizanti walimlaza Maria kwenye tandiko, kama mzazi yeyote, na pembeni wakachora wakunga wakimwogesha mtoto: mwenye kuogeshwa ana mwili wa kweli. Birgitta aliziweka asili zote mbili ndani ya mtoto mmoja, nuru na baridi kwa pamoja.

Mchoraji Niccolò di Tommaso alikwisha kuichora njozi hiyo miaka michache tu baada ya Birgitta kufariki mjini Roma mwaka 1373, na akamchora Birgitta mwenyewe akitazama kutoka pembeni. Karne iliyofuata, wachoraji wa Flanders, kama Robert Campin na Hugo van der Goes, waliieneza.

Lakini njozi hiyo iliondoa kitu kimoja, nacho si kidogo: uchungu wa kuzaa. Birgitta anasisitiza kwamba Maria hakubadilika rangi wala hakuishiwa nguvu. Mafundisho hayo yalikuwapo kabla yake, ila inashangaza kuyasikia kwa mkazo huo kutoka kwa mama aliyezaa mara nane na kuponea chupuchupu. Wasikilizaji Waislamu watakumbuka kwamba katika sura ya 19 ya Kurani ni uchungu wa uzazi uliompeleka Maryamu kwenye shina la mtende, naye Isa huko ni nabii, wala si Mungu. Kwa hiyo asiyemwita mtoto Mungu anamwachia mama maumivu yake, na anayemwita Mungu anayaondoa. Mtu anaweza kuuliza kama Birgitta, kwa heshima aliyompa mama, hakupunguza kidogo ubinadamu wa tendo lenyewe. Pengine alimpa Maria uzazi ambao yeye mwenyewe angeutamani.

Sweden iliachana na Papa kuanzia mwaka 1527, na nyumba ya watawa wa Birgitta huko Vadstena ilifungwa mwaka 1595. Martin Luther alikuwa amehubiri kwamba Maria ni mama wa kweli kwa asili, na mtoto ni mwanawe wa kweli kwa asili. Njozi za watakatifu hazikuwa tena na nafasi katika mafundisho. Picha, hata hivyo, hazikuvunjwa kwa wingi kama ilivyotokea Uswisi na Uholanzi. Sanamu nyingi za mbao za zama hizo ziko leo katika Jumba la Makumbusho ya Historia mjini Stockholm, na nyingine zimebaki katika makanisa ya Kilutheri ya vijijini, ambako waumini hukusanyika alfajiri ya Krismasi, mishumaa ikiwaka, saa kadhaa kabla jua halijachomoza.