Kompyuta inavyopima msimamo wa chama kwa kuhesabu maneno ya ilani

Msikilizaji, ilani ya CCM ya mwaka 2020 ilikuwa na kurasa 303. Wangapi kati yetu tuliimaliza, kisha tukasoma na ya chama kingine ili kulinganisha? Wataalamu wa siasa wana njia ya kuipa kompyuta kazi hiyo.

Inafanyaje kazi?

Mwaka 2003, Michael Laver, Kenneth Benoit na John Garry walitangaza njia iitwayo Wordscores, wakiijaribu kwa ilani za vyama vya Uingereza na Ayalandi. Huchukuliwa ilani mbili ambazo misimamo yake inajulikana. Tuseme moja inataka serikali ishike uchumi, tunaipa alama −1. Nyingine inataka soko huria, tunaipa +1. Kompyuta inahesabu kila neno.

Kwa mfano, neno "ruzuku" likitokea mara 8 katika kila maneno 1,000 ya ilani ya kwanza, na mara 2 katika ya pili, linapata alama −0.6, yaani linaelemea upande wa serikali. Neno "maendeleo", likitajwa sawasawa na pande zote, linapata sifuri. Ikija ilani ya tatu, wastani wa alama za maneno yake unaonyesha imesimama wapi.

Kiswahili kina mtego wake

Kompyuta huona "mkulima", "wakulima" na "kilimo" kuwa maneno matatu tofauti. Lazima kwanza ifundishwe kwamba mzizi ni mmoja.

Maneno si matendo

Hapa Tanga mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha. Baadaye yakaanza kurudi kwa watu binafsi. Lakini Katiba ya CCM bado inataja Ujamaa na Kujitegemea. Anayehesabu maneno peke yake hawezi kuyaona mabadiliko hayo.

Wewe ufanye nini?

Ukiwa na ilani kwenye simu, tafuta neno linalokuhusu: "mkonge", "uvuvi", "maji". Usiishie kwenye hesabu, kwa sababu ilani ndefu hutaja mengi. Soma sentensi nzima: imesema kiasi gani, wapi na lini? Kisha fanya hivyo kwa chama kingine. Mgombea akija kijijini, muulize sentensi hiyo hiyo.