M3 na 190: Ugomvi wa Munich na Stuttgart uliozaa sedani za mbio

Mwaka 2026 inatimia miaka 40 tangu BMW ya Munich ianze kuwauzia wateja M3 ya kwanza. Wapenzi wa gari hilo wana kila sababu ya kusherehekea. Lakini historia ya M3 ikisimuliwa peke yake hubaki nusu, kwa sababu nusu yake ya kwanza iliandikwa kwa mahasimu wa BMW, Mercedes-Benz wa Stuttgart.

Desemba 1982 Mercedes walizindua 190, sedani ndogo kuliko zote walizokuwa wakiuza wakati huo. Watu walizoea kuiona Benz kama gari kubwa la waziri au mkurugenzi. Huku kwetu Afrika Mashariki wenye vyeo na fedha walikuwa wameshapachikwa jina la wabenzi. Hii ya sasa ilikuwa Benz ya daktari kijana au mhandisi, fupi na nyepesi, ila mlango wake ulifungwa kwa uzito uleule. Hadi uzalishaji ulipokoma, magari ya 190 zaidi ya milioni 1.8 yalikuwa yametoka kiwandani.

Gari dogo lilihitaji sifa kubwa, na Stuttgart waliitafuta katika mbio. Kwanza walifikiria rali. Hawakuwa wageni huko: katika Safari Rally ya 1979 Hannu Mikkola aliifikisha Mercedes 450 SLC nafasi ya pili, nyuma ya Datsun ya Mkenya Shekhar Mehta. Lakini mwaka 1980 Audi walitoka na Quattro, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na muda si mrefu ikawa wazi kwamba gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu lingekula vumbi. Mercedes wakageukia mbio za lami.

Injini waliipeleka Uingereza, kwa mafundi wa Cosworth mjini Northampton, ambao waliiundia silinda hedi mpya yenye valvu 16. Ikatoka 190 E 2.3-16, yenye nguvu za farasi 185. Agosti 1983 magari ya aina hiyo yalipelekwa kwenye barabara ya mviringo ya Nardò, kusini mwa Italia, yakakimbizwa usiku na mchana hadi kilomita 50,000 zikaisha. Ilichukua saa 201 na dakika 39, kwa kasi ya wastani ya karibu kilomita 248 kwa saa. Mwezi uliofuata gari likaonyeshwa Frankfurt.

Hata hivyo rekodi ya Nardò ni ya kusoma kwenye karatasi. Kilichoifanya 190 iingie midomoni mwa watu ni mchana mmoja huko Nürburgring, tarehe 12 Mei 1984.

Siku hiyo Wajerumani walikuwa wakifungua njia mpya ya mbio. Ile ya zamani, yenye zaidi ya kilomita 22 za kona msituni, ilikuwa imekataliwa na Formula 1 baada ya Niki Lauda kunusurika kuteketea ndani ya gari lake Agosti 1976. Ili kupamba ufunguzi, Mercedes walitoa 190 E 2.3-16 zinazofanana, wakawaalika waliokuwa vinara wa Formula 1 na wale waliokuwa bado wanatamba. Jack Brabham alikuwepo. Stirling Moss, John Surtees, James Hunt, Alan Jones, Keke Rosberg na Alain Prost, wote walikuwepo. Lauda mwenyewe alikuja, kwenye eneo lilelile lililomwachia makovu usoni.

Emerson Fittipaldi wa Brazil hakuweza kufika, kwa kuwa alikuwa Marekani akijiandaa na mbio za Indianapolis. Nafasi yake akapewa Mbrazili mwingine, kijana wa miaka 24 aliyekuwa na timu ndogo ya Toleman. Wiki moja kabla, huko Imola, kijana huyo alishindwa hata kufuzu kuanza mbio. Jina lake Ayrton Senna.

Prost amesimulia mara nyingi yaliyofuata. Waandaaji walimwomba ampitie Senna uwanja wa ndege wa Frankfurt, na njia nzima wakazungumza vizuri kama marafiki. Kisha yakaja majaribio ya kupanga nafasi za kuanzia: Prost akawa wa kwanza, Senna wa pili. Kuanzia hapo, anasema Prost, kijana akanyamaza, hakumsemesha tena. Mbio zilipoanza Prost akatangulia, lakini kabla ya mzunguko mmoja kuisha Senna alikuwa amemsukuma nje ya njia.

Wazee wengi walikuja kupunga mikono na kupiga picha. Senna alikuja kushinda. Lami ilikuwa imelowa, na yeye aliliendesha gari lile la dukani kana kwamba taji la dunia liko mezani. Lauda, aliyeanzia nyuma kabisa, ndiye pekee aliyeielewa lugha hiyo. Aliwapita mmoja baada ya mwingine hadi akaliona buti la Senna mbele yake, lakini hakulifikia. Mizunguko 12 ilipokwisha, Senna alikuwa wa kwanza, Lauda wa pili, Carlos Reutemann wa tatu. Wiki tatu baadaye, kwenye mvua ya Monaco, dunia nzima ikamjua kijana huyo, na aliyekuwa mbele yake siku hiyo alikuwa Prost tena. Uhasama wao mkubwa wa miaka ya McLaren ulipandwa ndani ya sedani ya Mercedes.

Kwa Stuttgart hilo lilikuwa tangazo lisilonunulika. Munich walihitaji jibu.

Jibu lilitoka mikononi mwa Paul Rosche, fundi mkuu wa injini wa BMW aliyefariki mwaka 2016. Kwa masimulizi yake, mwenyekiti wa kampuni, Eberhard von Kuenheim, alimwagiza kwa maneno machache tu amtengenezee injini ya michezo kwa ajili ya gari la 3 Series. Rosche akachukua silinda hedi ya injini yao ya silinda sita, akaipunguza ikabaki ya silinda nne, akaifunga juu ya bloku imara waliyokwisha kuizoea. Kazi ilichukua wiki mbili. Injini ikaingizwa kwenye 3 Series, Rosche akaliendesha gari hadi nyumbani kwa mwenyekiti. Von Kuenheim akalijaribu, akarudi, akasema limempendeza. Basi, M3 ikawa imezaliwa.

Sheria za mbio za wakati huo, zilizoitwa Group A, zilidai kiwanda kitengeneze magari 5,000 ya aina moja ndani ya miezi 12 kabla ya kuruhusiwa kushindana. Ndiyo maana madigadi ya M3 yalipanuliwa ili yameze matairi mapana, kioo cha nyuma kikalazwa na buti likainuliwa ili upepo upite vizuri. Hayo yote mteja aliyapata dukani, pamoja na nguvu za farasi 200.

Hapo mnunuzi wa Ujerumani akajikuta na uamuzi mgumu. Mercedes ilikuwa na milango minne, siti nne za kukumbatia mwili, na utulivu wa kuvuka nchi nzima bila kuchoka. BMW ilikuwa na milango miwili, nyepesi, yenye injini iliyopenda kupigishwa kelele.

Kwenye mbio M3 ilitangulia. Mwaka 1987 Roberto Ravaglia alitwaa ubingwa wa dunia wa magari ya mbio yaliyotokana na ya dukani, na Eric van de Poele akachukua ubingwa wa Ujerumani, DTM, bila kushinda hata shindano moja, kwa kukusanya pointi tu. Mwaka 1989 Ravaglia akaurudisha ubingwa huo kwa BMW.

Mercedes hawakukubali. Machi 1990 walileta Geneva toleo la Evolution II, magari 502 tu, kila moja likiwa na bawa la nyuma kubwa lililochorwa kwa msaada wa Profesa Richard Eppler wa Chuo Kikuu cha Stuttgart. Inasimuliwa kwamba Wolfgang Reitzle, mkuu wa uundaji wa magari wa BMW, alilibeza, akidai kuwa kama bawa hilo linafanya kazi, basi Munich itabidi wajenge upya handaki lao la kupimia upepo. Mwaka 1992 Klaus Ludwig akatwaa DTM kwa 190, huku nafasi ya pili na ya tatu zikienda pia kwa Mercedes. BMW wakajiondoa.

Baada ya hapo majina yaliendelea, injini zikaongezeka ukubwa, na Mercedes wakaikabidhi kazi hiyo kwa AMG, tawi lao la magari yenye nguvu. Mwaka 2022 C 63 ya AMG, mrithi wa 190 hiyo, ilirudi kwenye silinda nne, ikisaidiwa na umeme, na wateja wengi wakanung'unika.

Mimi naona kilichopotea ni ile sheria ya kulazimisha. Zamani kiwanda hakikuweza kujisifu kwa gari la mbio bila kumuuzia raia gari lenye mwili na moyo uleule. Leo beji ya M au AMG hubandikwa hata kwenye gari lisilo na chochote cha ziada isipokuwa bampa na rimu, na mnunuzi hulipia herufi.

Nikiulizwa nani alishinda, nasema M3 ndiyo gari bora la mbio, na vikombe vyake vinatosha kuwa ushahidi. Lakini kama gari la mtu mwenye familia, kazi na safari ndefu, 190 E 2.3-16 ndiyo iliyokamilika zaidi. Nawe unayesimama yadi ukichagua kati ya nyota ya Stuttgart na duara la buluu na jeupe la Munich, fungua boneti kwanza, uliza injini ni ipi na imetunzwa vipi, ndipo uangalie beji.