Matundu ya maji kwenye hedi: yalitoka wapi, na kwa nini yasitobolewe ovyo

Ndugu mkulima, na wewe mwenye mashine ya kusaga hapa Mahongole, msimu wa mavuno injini hufanya kazi kutwa, na ndipo nyingi huchemsha. Fundi akifungua hedi, mara nyingi huona gasketi mpya imefunika baadhi ya matundu ya maji kwenye bloku. Wapo wanaoikata gasketi au kushika keekee na kuyafungua yote, eti maji yapite vizuri. Kabla hujakubali, fahamu historia ya matundu hayo.

Gari la kwanza la Karl Benz, la mwaka 1885, lilipozwa kwa maji yaliyochemka na kupotea kama mvuke, hivyo ilibidi kuyaongeza mara kwa mara. Mwaka 1901 likaja gari la Mercedes lenye rejeta ya vitundu kama sega la nyuki, kazi ya Wilhelm Maybach. Maji yakawa yanazunguka na kurudi.

Ford Model T ilipotoka mwaka 1908, magari yake ya kwanza kama 2,500 yalikuwa na pampu ya maji. Baadaye pampu iliondolewa, maji yakaachwa yajiendeshe yenyewe, kwa kuwa ya moto hupanda na ya baridi hushuka. Injini za Lister za Uingereza, ambazo wazee wetu walizizoea kwenye mashine za kusaga, ziliweza kupozwa kwa njia hiyohiyo, pipa la maji likiwa pembeni. Kwa injini ya aina hii, njia za maji lazima ziwe pana. Injini za Kichina kama S195, ya nguvu farasi 12, zina beseni la maji juu, na joto hutoka kwa mvuke kama kwa Benz. Malori na matrekta mengi yana pampu, na humo ukubwa wa kila tundu huamua maji yaende wapi.

Sasa, kwa nini bloku ina matundu ambayo gasketi huyafunika? Jibu liko kiwandani. Hedi na bloku humiminwa kwa chuma cha moto, na nafasi za maji hutengenezwa kwa kuweka mchanga ulioshikamana ndani ya umbo. Chuma kikipoa, mchanga lazima utolewe, na baadhi ya matundu yapo kwa kazi hiyo tu. Gasketi huyaziba makusudi. Mengine huachwa madogo ili maji yafike hadi silinda ya mwisho, au ili mvuke upate pa kutokea.

Ukiyafungua yote kwenye injini ya pampu, maji hufuata njia fupi. Sehemu iliyo kati ya valvu, yenye joto kali kuliko zote, hukosa maji na hedi hupasuka. Keekee nayo ikipita mahali pembamba, maji huingia kwenye oili, ikageuka kama maziwa. Hapo unanunua hedi nyingine, na wateja wamehamia kwa jirani.

Kwa hiyo, injini ikifunguliwa, fanya haya:

1. Linganisha gasketi mpya na ya zamani, tundu kwa tundu. Zikitofautiana, hakikisha kwanza kwamba ni ya modeli ya injini yako.
2. Tundu likiwa limeziba kwa kutu au ukoko mweupe kama wa birika, lisafishwe bila kupanuliwa.
3. Hedi ipimwe unyoofu na nyufa kabla ya kufungwa.
4. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa, maana hayaachi ukoko kama ya kisima.
5. Kwenye injini ya beseni, usiache maji yapungue. Ukanda wa Makambako uko juu ya mita 1,500, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100, hivyo usisubiri yafike 100 ndipo uangalie beseni.

Fundi akisema lazima atoboe, muulize tundu hilo linapeleka maji wapi. Asipoweza kukuonyesha, mwambie aweke keekee chini.