Sifa na nafasi za vyuo vya sheria Tanzania

Sifa ya chuo cha sheria ni imani ambayo waombaji, waajiri, mahakama na umma wanayo juu ya chuo kinachotoa shahada ya sheria. Katika nchi kama Marekani imani hiyo hupangwa kwa namba katika orodha zinazotolewa kila mwaka. Tanzania haina orodha rasmi ya namna hiyo, kwa kuwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), iliyoanzishwa mwaka 2005, huidhinisha vyuo na programu zao bila kutaja nani wa kwanza na nani wa mwisho. Sifa ya vyuo vya sheria nchini imejengwa na umri, vyeo vya wahitimu na, tangu 2008, mitihani ya uanasheria kwa vitendo.

Chimbuko

Elimu ya sheria ya ngazi ya chuo kikuu katika Afrika Mashariki ilianzia Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, pale chuo kikuu kishiriki kilipofunguliwa katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Shahada zake za mwanzo zilisimamiwa na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 chuo hicho kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Utangulizi huo wa miaka ulikipa chuo hicho, kinachojulikana pia kama Mlimani, hadhi ambayo hakuna chuo kingine nchini kilichoifikia. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1960, Mganda au Mkenya aliyetaka shahada ya sheria bila kutoka Afrika Mashariki alilazimika kwenda Dar es Salaam, na hata baada ya hapo mvuto uliendelea: Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, alisoma hapo. Jarida la kitivo, Eastern Africa Law Review, lilianza mwaka 1968, na wahadhiri kama Yash Ghai na Issa Shivji walikijengea kitivo jina la mahali ambapo sheria husomwa pamoja na historia na uchumi wa jamii inayoitumia.

Mambo yanayojenga sifa

La kwanza ni wahitimu. Majaji Wakuu watatu waliofuatana, Augustino Ramadhani (2007–2010), Mohamed Chande Othman (2010–2017) na Ibrahim Juma (2017–2025), wote walipita Mlimani, na Juma alifundisha hapo pia. Asha-Rose Migiro, Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, na Tulia Ackson, aliyekuwa Spika wa Bunge, walikuwa wanafunzi kisha wahadhiri wa kitivo hicho. Kigezo hiki kina nguvu, lakini hukipendelea chuo kikongwe, kwa sababu jaji wa leo huonyesha ubora wa darasa la miaka 30 au 40 iliyopita.

La pili ni utafiti unaogusa maisha ya wananchi. Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi, iliyofanya kazi mwaka 1991 na 1992, iliongozwa na Shivji, na mjadala wake ulitangulia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ingawa sheria hiyo haikufuata mapendekezo yote ya tume.

La tatu ni lugha. Vyuo hufundisha na kutahini kwa Kiingereza, na machapisho yanayohesabiwa katika orodha za kimataifa ni ya Kiingereza, ilhali mahakama za mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili na marekebisho ya sheria ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Umahiri wa kuandika hukumu au hati ya madai kwa Kiswahili fasaha haujapata nafasi katika kipimo chochote cha sifa.

Mitihani ya uanasheria kwa vitendo

Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka uliofuata. Mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili hupitia hapo kwanza, hivyo wahitimu wa vyuo vyote hukutana katika mtihani mmoja, jambo linaloufanya kuwa kitu cha karibu zaidi na kipimo cha pamoja. Oktoba 2022 ilitangazwa kwamba kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani, yaani waliopata sapu, walikuwa 342, na 265 walikatishwa masomo. Matokeo hayo ya kutisha yalizua mabishano makali: wapo waliovilaumu vyuo vikuu kwa kupika wanafunzi nusunusu, na wapo waliolaumu ufundishaji na utahini wa taasisi yenyewe. Waziri wa Katiba na Sheria, Damas Ndumbaro, aliunda kamati ya uchunguzi chini ya Harrison Mwakyembe.

Mfano wa orodha ya Marekani

Orodha ya U.S. News ya Marekani, iliyoanza mwaka 1987, huzingatia maoni ya wakuu wa vitivo, mawakili na majaji, alama za waliodahiliwa, ufaulu wa mtihani wa uwakili na ajira. Novemba 2022 Yale, iliyokuwa imezoea nafasi ya kwanza, na Harvard zilijitoa, zikidai kwamba vipimo hivyo huviadhibu vyuo vinavyowasaidia wanafunzi wasio na uwezo.

Vyuo vingine

Sheria hufundishwa pia Mzumbe, Chuo Kikuu Huria, Iringa na Zanzibar. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto hutoa astashahada na stashahada.

Mkoa wa Simiyu

Vyuo hivyo havipo katika kila mkoa. Kwa mfano, Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi, hauna chuo kinachotoa shahada ya sheria. Kwa mhitimu wa kidato cha sita wa Mwamanyili mkoani humo, chuo cha karibu ni Mtakatifu Augustino (SAUT), Malimbe, Mwanza. Mwanasheria mmoja anayejulikana kutoka mkoa huo ni Andrew Chenge, aliyesoma Dar es Salaam na Harvard, akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali hadi 2005 na kisha mbunge kutoka Bariadi hadi 2020.