Moshi Ndani ya Glasi

Niliitwa kwenye hafla ya kuonja mvinyo Nairobi kwa sababu moja tu: mse mmoja tuliyesoma naye kabla sijaacha chuo alihitaji mtu wa kuandika maelezo mafupi ya picha, na mimi nilihitaji kodi ya mwezi. Nilimwambia mapema kwamba mimi sinywi. Kwetu Isiolo pombe haiingii nyumbani, na hata baada ya kuacha vitu vingi nilivyolelewa navyo, hicho sijakiacha. Akacheka, akasema kunusa si kunywa.

Basi nikaketi mbele ya glasi tano, ukumbi wa hoteli moja Westlands, kitambaa cheupe mezani. Mtaalamu alitufunza hatua zake: angalia rangi, zungusha glasi, nusa, onja, halafu tema. Kulikuwa na ndoo ndogo ya chuma ya kutemea. Sijawahi kuona watu wazima wakilipa pesa nyingi hivyo ili wateme.

Kila glasi ilikuja na chakula chake. Mvinyo mweupe wenye uchachu ulikuja na jibini la mbuzi. Mwekundu mzito ulikuja na nyama. Mtaalamu akaeleza kwamba mvinyo mwekundu una tanini, ile kitu inayokausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Ukila nyama, tanini inashikana na protini na mafuta ya chakula badala ya kung'ang'ania mate yako, na mdomo unalegea. Nikaandika. Ilikuwa na maana.

Kisha akatuuliza tunanusa nini kwenye glasi ya nne. Mmoja akasema beri nyeusi. Mwingine akasema vanila. Mwingine akasema ngozi ya viatu vipya, na mtaalamu akafurahi kweli. Nilipofikiwa, nikasema nilichonusa: "Gorfa ya akko wangu."

Kimya. Nikaeleza kwamba gorfa ni chombo cha maziwa cha Waborana, kinachofumwa kwa nyuzi za mizizi, na kwamba akko, yaani nyanya yangu, hukitia moshi kwa kijinga cha mti kabla ya kuweka maziwa. Watu wakacheka kwa upole, vile mtu humchekea mtoto aliyekosea jibu. Lakini mtaalamu hakucheka. Alisema mvinyo huo ulikaa kwenye pipa la mwaloni, na fundi wa mapipa huchoma ndani ya pipa kwa moto kabla halijatumika. Harufu ya moshi ilikuwa pale kweli.

Nilirudi Isiolo na basi la usiku nikiwa na swali lililokataa kulala. Kwa nini "ngozi ya viatu" ni jibu na "gorfa" ni kichekesho?

Anza na jina lenyewe. Kiswahili kina maneno mawili ya kinywaji hiki. Mvinyo limetokana na vinho ya Wareno, waliofika pwani yetu na Vasco da Gama mwaka wa 1498. Divai limetokana na du vin ya Kifaransa, na wengi wetu tunalijua kutoka Biblia na altareni. Neno moja lilikuja na mabaharia, lingine likashikamana na kanisa. Hakuna lililotoka shambani kwetu, maana zabibu hazikuwa zetu.

Ila kinywaji chenyewe kilifika zamani kuliko maneno hayo. Kuna kitabu cha mwongozo wa mabaharia kiitwacho Periplus cha Bahari ya Erythraea, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza. Mwandishi wake anataja pwani ya Azania, ambayo ndiyo pwani yetu, na bandari ya Rhapta. Anaorodhesha bidhaa zilizoletwa: mikuki, mashoka, visu, vitu vya kioo. Halafu anaongeza kwamba sehemu nyingine wafanyabiashara walileta divai kidogo na ngano, lakini si ya kuuza. Ilikuwa ya kujipendekeza kwa wenyeji. Karibu miaka 2,000 iliyopita, mvinyo unaingia kwenye maandishi ya historia yetu kama kionjo cha bure, cha kulainisha moyo wa mteja.

Ukoloni ukageuza mambo. Sasa shida haikuwa kumvuta Mwafrika anywe, ilikuwa kuamua anywe nini. Mwaka wa 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kubana biashara ya pombe kali katika eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ukakaza zaidi. Hiyo ilihusu pombe kali. Huku Kenya, sheria ikaongeza kipimo cha rangi ya ngozi: kwa sehemu kubwa ya ukoloni, Mwafrika hakuruhusiwa kununua wala kunywa vileo vya Kizungu, mvinyo ukiwemo. Bia ya chupa ilifunguliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na pombe kali zikafuata baadaye. Mpishi Mwafrika angeweza kufungua chupa, kumimina, kujua ipi inakwenda na samaki na ipi na kondoo, lakini akionja ni kosa.

Fikiria hilo kidogo. Ujuzi wa kuonja ni ujuzi wa mdomo. Ukimkataza mtu kuonja, umemkatalia elimu, kisha kizazi kinachofuata unakishangaa kwa nini hakina "ladha iliyokomaa". Uhuru ulipokuja, serikali ilianzisha KWAL mwaka wa 1969 ili kushika biashara ya mvinyo na pombe kali, na baadaye kampuni hiyo ikatengeneza hata mvinyo wa mapapai. Jirani zetu wa Tanzania wakakuza zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka. Naivasha nako kukapandwa mizabibu, na mvinyo wake mmoja ukaitwa Leleshwa, jina la kichaka ambacho wafugaji wanakijua kwa harufu yake nzuri tangu hapo. Angalau hapo mtu aliangalia kilichoota karibu.

Lakini lugha ya kuonja ilibaki ya mbali. Mwaka wa 1984 mwanasayansi Ann Noble wa chuo kikuu cha California, Davis, alitoa gurudumu la harufu za mvinyo ili watu waache kusema "mzuri" na "wa kifahari" na badala yake wataje kitu ambacho mwingine anaweza kukinusa pia. Wazo zuri sana. Ila vitu vilivyowekwa kwenye gurudumu vilitoka jikoni na dukani kwa waliolitengeneza: stroberi, balungi, nyasi zilizokatwa, tumbaku. Hiyo si dhambi. Kila mtu huanza na jikoni kwao. Kosa ni pale jiko la mtu mmoja linapogeuka kuwa mtihani wa wengine wote.

Na huo mtihani umewahi kuwaaibisha wenyewe. Mwezi wa Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaweka waonjaji wa Ufaransa mjini Paris mbele ya glasi zisizo na majina. Mvinyo wa California ukashinda wa Ufaransa, kwa weupe na kwa wekundu. Majina yalipofunikwa, midomo ilisema kitu kingine kabisa.

Sasa twende Isiolo.

Ukishuka stendi asubuhi utawaona akina mama wa maziwa ya ngamia. Maziwa hutoka maeneo kama Kulamawe, yanafika mjini kwenye jerikani za manjano, yanakaguliwa na kupozwa, kisha yanapanda basi kwenda Eastleigh. Biashara hii imejengwa na wanawake, na vyama vyao kama Anolei vinajulikana mbali. Mama akifungua jerikani, kitu cha kwanza ni pua. Anainama, ananusa mara moja, na ameshajua kama maziwa ya jana yamechanganywa na ya leo. Akiwa na shaka anaonja tone. Siku hizi kuna vipimo pia, na kimojawapo kinanichekesha: unachanganya maziwa na pombe ya maabara kwa kiasi sawa, yakigandamana yanakataliwa. Pombe, Isiolo, inafanya kazi ya kulinda maziwa.

Ladha ya maziwa ya ngamia hubadilika na malisho na maji. Ngamia aliyekosa maji siku nyingi hutoa maziwa yenye chumvichumvi, na mtu aliyezoea husikia ukame kwenye ulimi kabla hajaulizia mvua. Wafaransa wana neno lao kwa ladha inayobeba ardhi yake, na wanaliuzia dunia nzima. Sisi tunasema tu, "Haya ni ya huko chini," tunaendelea kunywa.

Na chakula cha kuandamana nayo? Suusac, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, pembeni ya nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa ikahifadhiwa ndani ya mafuta. Uchachu unakata mafuta. Ni kazi ileile ya mvinyo mweupe na lile jibini la mbuzi kule Westlands. Maziwa mabichi na tende: chumvi kidogo, sukari nyingi. Hakuna aliyetuitia mtaalamu.

Nilimsimulia akko haya yote nikiwa Bulla Pesa, kwake. Nilidhani atakasirika kwamba nilikaa meza moja na mvinyo. Akauliza kitu kingine.

"Hilo pipa wanalichoma kwa mti gani?"

"Mwaloni, akko. Hauoti huku."

"Sisi ni ejersa." Huo ni mzeituni mwitu. "Mti mwingine unaharibu. Moshi mwingine ni mchungu, mwingine hauna nguvu, maziwa yanaharibika kesho."

Moshi wa gorfa hauwekwi kwa urembo. Unapunguza vijidudu, unafanya maziwa yakae, kisha ndipo unaacha harufu. Pipa na gorfa zote ni chombo kilichochomwa ndani ili kinywaji kiishi na kipendeze.

Nikamuuliza alijifunza wapi kutofautisha moshi. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na nimekaa naye nyumba moja miaka mingi.

Alikuwa msichana mdogo Garba Tula wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, kipindi ambacho Waborana wa Isiolo hukiita Gaf Daba. Kaskazini hii ilikuwa imefungiwa tangu sheria ya 1902 ya wilaya za pembeni, na ile ya 1934 ikazidisha. Ulihitaji ruhusa kuingia na kutoka, na Isiolo ndiyo ilikuwa lango. Vita vilipoanza, watu walikusanywa kwenye kambi. Ngamia alihesabiwa kuwa gari la shifta. Mifugo iliuawa, mingine ikachukuliwa, mingine ikafa kwa njaa kwa sababu haikuruhusiwa kwenda mbali na kambi. Familia zilizokuwa na ngamia zikabaki na kamba.

"Hatukuwa na maziwa," akko akasema. "Lakini mama alikuwa anatia gorfa moshi kila asubuhi. Tupu. Anasugua, anatia kijinga, anafunika. Tukamwuliza kwa nini. Akasema chombo kikisahau, sisi pia tutasahau."

Alinusa gorfa tupu kwa miaka. Ndiyo shule yake. Hakupewa cheti, na mimi niliyeacha chuo bila cheti nimeielewa shule hiyo vizuri kuliko darasa lolote nililokaa.

Leo akko ana gorfa moja tu. Maziwa ya biashara hayawezi kwenda Eastleigh kwa gorfa, naelewa hesabu. Plastiki ni nyepesi na ni rahisi kupatikana, na yule mama wa stendi ana karo ya kulipa. Simwambii mtu arudi nyuma. Ninachosema ni kwamba nilitoka kwenye hafla ile nikiwa na karatasi ya maneno 100 na zaidi ya kueleza mvinyo, na kwa maziwa yaliyonilea sikuwa na hata moja lililoandikwa.

Kwa hivyo tulifanya hafla yetu. Vikombe vitatu kwenye mkeka: maziwa ya jerikani, maziwa ya gorfa, na suusac. Nyirinyiri na tende kwenye sahani. Nilimfunga akko macho kwa leso yake, akalalamika kwamba nimeleta michezo ya watoto. Akanusa kikombe cha kwanza.

"Plastiki. Ya jana."

Cha pili akakishika muda mrefu kidogo. "Ejersa. Lakini wewe ndiye uliyetia moshi, sio mimi. Kijinga hukukiacha kiive. Kinanuka maji."

Ilikuwa kweli. Nilifanya haraka.

Nikaandika daftarini: *kijinga kisichoiva, harufu ya maji.* Ndilo neno la kwanza la orodha yetu. Kesho yake aliniamsha mapema nikatie moshi tena.