Kitanda Usichokilalia

Mama mmoja wa kwaya alitueleza kwamba tangu amzike mwanawe hapati usingizi wala hamu ya chakula. Tulimsomea Zaburi, tukaomba naye, tukamwambia ajipe moyo. Baada ya siku ile hakuja tena. Hatukumwambia uongo, lakini tulijibu kabla ya kusikia. Wazee walisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Katika historia ya Kanisa yupo mchungaji aliyekilalia kitanda hicho. Mwaka 1920 Anton Boisen, wa Marekani, alivurugika akili, akalazwa kwa zaidi ya mwaka mmoja katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Humo alitambua kwamba Kanisa, lililojali sana wagonjwa wa mwili, lilikuwa limewasahau wa akili. Alipopona hakuificha habari yake. Mwaka 1924 alianza kazi ya uchungaji katika hospitali ya akili ya Worcester, jimbo la Massachusetts, na mwaka 1925 akapokea wanafunzi wachache wa theolojia. Hakuwapa mimbari. Aliwaweka wodini wafanye kazi za wahudumu, wawe na wagonjwa kutwa, kisha wajadiliane juu ya waliyoyaona na kuyasikia. Aliwafundisha kumsoma mtu kwa bidii ileile waliyosomea vitabu.

Mwaka huohuo wa 1925 daktari Jacob Levy Moreno alihamia Marekani kutoka Austria. Alipokuwa kijana mjini Vienna aliwasimulia watoto hadithi bustanini, nao wakaziigiza. Baadaye alianzisha maigizo yasiyoandikwa kwanza, na mwaka 1936 akafungua hospitali ndogo yenye jukwaa huko Beacon, jimbo la New York. Pale mgonjwa aliyegombana na baba yake hakusimulia tu. Aliuigiza ugomvi, mtu mwingine akiwa baba. Kisha walibadilishana nafasi. Mwana akawa baba, akasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia. Nao waliokuja kujifunza kazi hiyo walipanda jukwaani na mambo yao wenyewe.

Tiba kwa maigizo ilikua kutokana na chemchemi kadhaa, na hii ni mojawapo. Mwaka 1979 wataalamu wake nchini Marekani waliunda chama chao. Anayeisomea leo husoma maigizo pamoja na elimu ya nafsi, na hufanya mazoezi kwa muda mrefu chini ya msimamizi. Kujua kuigiza hakutoshi. Ni lazima ajue pia ni jeraha gani lisifunguliwe leo, na nani atabaki na mgonjwa likishafunguliwa.

Hapa tunapaswa kujionya. Vijana wetu huigiza vizuri sana siku ya Krismasi, na tunamshukuru Mungu. Lakini tusimsimamishe aliyebakwa au aliyefiwa aigize maumivu yake mbele ya usharika, tukiita uponyaji. Nabii Nathani alimfikishia Daudi ukweli kwa kisa cha mwana-kondoo wa maskini, ila alijua anachofanya, na alitumwa.

Kanisa letu si geni katika huduma hii. Lutindi, katika milima ya Usambara, palianza kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Tuliorithi huduma hiyo tusione haya kupeleka vijana wetu wakasomee ushauri nasaha, wala kumwambia muumini kwamba kumwona mshauri au daktari si kukosa imani. Bwana wetu mwenyewe hakutuponya kwa mbali. Alitwaa mwili, akakaa mahali petu.

Mwishowe tulikwenda nyumbani kwa yule mama. Hatukufungua kitabu kwanza. Tuliketi mkekani, tukamwomba atusimulie mwanawe alikuwa mtu wa namna gani. Alizungumza mpaka taa zikawashwa, na tulipoaga alikubali tumsindikize kwa mshauri juma lililofuata.