Filamu za watu waliopotea porini: tuzipime namna gani?

Filamu nyingi zinazunguka kwenye telefone zetu zikidai kwamba vyombo vya ajabu kutoka angani huwadhuru watu porini. Tuchukue kisa kimoja kinachorudiwa sana: kile cha Dyatlov, katika milima ya Ural, nchini Urusi.

Mwanzoni mwa Februari 1959, vijana na watu wazima 9 waliokuwa safarini mlimani walikufa. Hema lao lilikutwa limepasuliwa kutoka ndani. Wengine walikuwa wamevunjika mbavu, na mmoja hakuwa na ulimi. Filamu huongeza kwamba mianga ilionekana angani.

Mambo hayo yaliandikwa kweli. Tatizo ni namna yanavyounganishwa. Taarifa za mianga zinazojulikana zaidi ni za tarehe 17 Februari na 31 Machi, walipokuwa wamekwisha kufa. Mwili usio na ulimi ulipatikana Mei tu, bondeni, penye maji yanayotiririka.

Mwaka 2021 wanasayansi Johan Gaume na Alexander Puzrin walionyesha kwa hesabu jinsi bamba dogo la theluji lingeweza kuangukia hema usiku na kuvunja mbavu. Hawakudai kueleza kila kitu.

Basi tuulize: Tarehe gani? Nani aliona? Nini kimeachwa? Sisi wa mashariki tuna jamaa wanaongoja wapendwa waliopotea vitani. Tunajua kwamba anayelia anastahili ukweli, si hadithi ya kuuza.